Punje Nyeupe za Bi Semeni

Mji ule haukuwa na jina, na watu wake hawakuona haja ya kuutafutia. Ukiwauliza wanakujibu, "Jina la nini tena, na umeshafika?" Ngwali alifika akiwa na miguu miwili iliyochoka kwa nyakati tofauti: wa kulia ulichoka tangu ujana, wa kushoto ulichoka juzi. Alikuwa amepita miji mingi hata kichwani mwake ikawa mji mmoja tu mrefu, wenye soko upande huu na mazishi upande ule. Kote huko hakuwahi kutaka kubaki. Hapa alitaka. Si kwa uzuri wa mji, maana haukuwa nao. Ni kwa sababu ya Mdoe.

Mdoe alikuwa mwenzake wa njiani. Alimfia kwenye uwanda wa chumvi, mahali ambapo jembe halizami. Ngwali akamfunika kwa majani makavu na mawe matatu, akasema maneno machache aliyoyakumbuka, nusu ya lugha hii nusu ya ile, akaenda zake. Alipogeuka mara ya kwanza aliona mawe matatu. Alipogeuka mara ya pili aliona ndege. Mara ya tatu hakugeuka. Tangu hapo swali moja lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki: mtu asiye na pa kuzikwa, je, alipata kuwapo kweli, au alikuwa upepo uliovaa viatu?

Katika mji ule mgeni aliruhusiwa kula, kulala, kufanya kazi, hata kuoa. Kufa hakuruhusiwa. Akizidiwa na ugonjwa hubebwa kwa machela mpaka kwenye jiwe la mpaka, akafie ng'ambo. Anayetaka kuzikwa ndani sharti kwanza alee sisimizi nyumbani. Anapewa malkia mmoja, mwali, peke yake chupani, amtunze mpaka apate watoto, na watoto wamlishe mama yao mbele ya Mkaguzi. Hapo ndipo anapoitwa mwenyeji na kuonyeshwa ardhi yake ya kulalia. Na mwenyeji ambaye sisimizi wake wamekufa? Huyo anageuka mgeni siku ile ile, hata kama babu yake na babu wa babu yake wamezikwa pale. Anatoka. "Aliyeshindwa kulea wadogo hawa," walisema, "wakubwa wamzike kwa lipi?"

Ilikuwa sheria yenye sauti ya busara, kama zilivyo sheria zote kabla hazijakufikia mlangoni.

Aliyempangisha chumba aliitwa Bi Semeni, mjane mwenye mikono mirefu na maneno yasiyokopesha. Alizaliwa ndani ya nyumba ile ile, katika chumba kile kile alichompa Ngwali. Sebuleni kwake palikuwa na sanduku la kioo lililojaa udongo, na ndani yake sisimizi wasiohesabika, weusi, wanang'aa kama mbegu za papai zilizooshwa. Malkia wake alikuwa na miaka kumi na mmoja. Bi Semeni alimsalimia kila asubuhi kabla ya kumsalimia mtu.

Ndiye aliyemletea Ngwali chupa yake. Ilikuwa nyembamba, ndefu kama kidole cha shahada mara mbili.

"Maji huku nyuma," alisema, "pamba katikati isimzamishe, kisha yeye, kisha pamba nyingine mlangoni. Unamfunika kwa kaniki. Siku arobaini usimfunue."

"Na chakula?"

"Hali."

"Siku arobaini hali, bibi wee?"

"Anakula mabawa yake."

Ngwali akacheka. Bi Semeni hakucheka.

"Si hayo unayoyaona chini, hayo ameyang'oa mwenyewe, ni maganda tu. Anakula ile nyama ya mgongoni iliyokuwa ikiyapiga. Anaiyeyusha kidogo kidogo, anawanywesha wanawe wa kwanza. Akishamaliza kuwalea, hata ukimrudishia mabawa hawezi kuruka tena. Na wewe mzee wangu, mgongo wako bado una nyama?"

"Ya kubebea mzigo tu."

"Basi itoshe. Ila sikiliza. Ukimfunua anashtuka. Akishtuka anawala wanawe. Si ukatili. Akiona dunia inatikisika, anawarudisha tumboni."

Siku mbili za kwanza Ngwali aliweza. Alikaa kwenye kitanda chake cha kamba, akaitazama kaniki iliyolala juu ya meza kama maiti ndogo, akawaza. Malkia gani huyu asiye na raia? Anayezaliwa na mabawa, akaruka siku moja tu maishani mwake, akarudi chini, akayang'oa kwa miguu yake mwenyewe na kujifungia kwenye shimo lisilo na mlango, na hicho ndicho watu wanachokiita kutawala. Akawaza kwamba labda enzi zote huanza hivyo. Mtu anakata kilichokuwa kikimpeleka, anakaa, anakula mgongo wake gizani, na wanaomjia baadaye wanamkuta amekaa na kudhani alizaliwa amekaa. Akawaza kuhusu yeye mwenyewe, ambaye hakuwahi kung'oa chochote. Kila mji alioingia alikuwa ameshageuza kiatu kielekee mlangoni kabla hajaketi. Wanawake walimpikia, akala amesimama. Maisha yake yote alisukumwa na kitu kimoja, kutaka kuona nyuma ya kilima kuna nini, na nyuma ya kilima siku zote palikuwa na kilima.

Mtu wa namna hiyo unampa kitu kilichofunikwa, unamwambia asifunue.

Siku ya tatu akafunua. Alijiambia anaangalia kama maji yanavuja. Aliona mayai manane yamegandamana, madogo kuliko chembe za sukari, na malkia ameyainamia. Kwenye kioo akauona pia uso wake, lakini ulikuwa wa mtu wa miaka thelathini, mwenye ndevu alizozinyoa katika mji wa nne. Akafunika haraka. Siku ya tano akafunua. Kioo kikamwonyesha kikongwe asiye na jino, anayemtazama kwa huruma. Mayai yalikuwa matano. Siku ya tisa alifunua mara tatu kabla ya adhuhuri. Hapakuwa na uso. Hapakuwa na yai. Malkia alikuwa amesogea pembeni, tumbo limemjaa, anajipangusa mdomo taratibu kama mtu aliyemaliza kula na hataki kuulizwa.

"Umemfunua," Bi Semeni alisema mchana ule, akimtilia uji.

"Sijamgusa."

"Basi kaniki ina miguu. Nimeikunja mimi, mikunjo yangu naijua."

"Upepo, labda."

"Upepo gani huo, wenye vidole? Haya. Atataga tena. Lakini mgongo wake una mwisho, Ngwali. Hii nyama imekwenda bure."

Alitaga tena. Ngwali akafunua tena. Hakuna zaidi ya kusimulia hapo. Binadamu akijua kosa lake huliendea kwa njia ya mkato. Ilipofika siku ya thelathini malkia alikuwa mwembamba, anatembea kwa kujivuta, na chini ya tumbo lake palikuwa patupu. Na Mkaguzi, Bwana Faki, alikwishatuma salamu kwamba siku ya arobaini atapita.

*

Nani yumo na nani yuko nje? Aliyemo anaitwa malkia. Aliye nje anaitwa mgeni. Aliyemo ana maji. Aliye nje ana kiu. Mimi nashika chupa, mji unanishika mimi, na huo mji umeshikwa na nani? Mdoe, ungekuwepo ungecheka. Ungesema, Ngwali, umetembea dunia nzima kuja kuomba ruhusa kwa mdudu.

*

Mchana Bi Semeni alikuwa na desturi ya kwenda kisimani, na huko hukaa mpaka vivuli viwe virefu, maana kisima kilikuwa na habari nyingi kuliko maji. Siku ya thelathini na moja, alipotoka, Ngwali alisimama mbele ya sanduku la kioo.

Karibu na kioo, katika chumba cha juu, sisimizi wa Bi Semeni walikuwa wamewapanga watoto wao walio karibu kuzaliwa. Kila mmoja alikuwa amejifunga ndani ya kifuko cheupe kama punje ya mchele. Aliyejifunga hana harufu bado. Hajui mama yake ni nani. Ataamka, na wa kwanza atakayemgusa ndiye mama. Haya Ngwali aliwahi kuyasikia katika mji fulani kutoka kwa mtu mlevi, na ni katika mambo machache aliyofundishwa yaliyokuwa kweli.

Alifungua kifuniko. Akalowesha ncha ya unyoya kwa mate. Akachukua punje tatu.

Malkia wake alizipapasa. Akazilamba. Akazikusanya chini ya kifua, moja moja, kwa upole uliomfanya Ngwali ageuze uso.

"Tatu hazitoshi," alijiambia, na sauti ilikuwa ya kawaida kabisa. "Tatu ni kama hakuna." Kesho yake akachukua kumi. Keshokutwa akachukua zilizobaki.

Sasa kuhusu siku za mji ule. Siku ambayo mtu hajamalizana nayo ilikuwa ikirudi. Haikurudi kwa wote. Ilimrudia yule tu aliyeiacha wazi. Unaamka, unakuta uji ni ule ule wa juma lililopita, jirani anapiga chafya ile ile, na nzi yule yule anakaa ukingoni mwa kikombe kile kile. Wenyeji waliuona huo kuwa msaada. Umepewa tena, waliambiana, tengeneza.

Ngwali akawa anaisubiri siku ya thelathini na moja kama mtu anayesubiri jamaa. Ikaja. Aliamka akauona uji ule, akamwona Bi Semeni akijifunga kanga ile ile, ndoo mkononi, akisema maneno yale yale: "Naenda kisimani, usije ukaoza hapo kitandani." Ngwali aliapa moyoni. Mkono wake huu usiponyanyuka leo, yaliyopita yatakuwa hayakupita. Akakaa juu ya mikono yake yote miwili. Akasikia nyayo za Bi Semeni zinapotea. Akaitazama chupa yake, malkia mwembamba ndani yake, patupu chini ya tumbo. Akaona ndege. Alichoona ni ndege wale wa uwanda wa chumvi, wanashuka.

Akasimama. Akalowesha unyoya.

Siku ile haikurudi tena. Ilikuwa imeshamalizika.

*

Watoto walipoamka walikuwa wadogo, rangi ya chai ya maziwa, na hawakuwa na shaka hata kidogo. Walimzunguka malkia wa Ngwali, wakamlamba, wakamlisha tone la asali alilowawekea kwenye pamba. Malkia akapata nguvu, akataga, na safari hii hakula. Ngwali aliwaletea mguu wa panzi, wakaukokota kwa kelele ambayo haisikiki. Kwa mara ya kwanza maishani mwake mtu huyu alikuwa na kitu kinachomngoja kurudi.

"Wako wamekua kwa haraka mno," Bi Semeni alisema, ameinama juu ya chupa, maana watoto wakishaamka kaniki huondolewa. "Unawanyonyesha wewe?"

"Ni dua zako, bibi."

"Dua zangu mimi siku hizi hazitoki nje ya dari." Akanyoosha mgongo, akalitazama sanduku lake. "Wangu wana nini? Watoto siwaoni. Nimewapa asali, nimewapa yai, nimewahamishia kwenye joto. Labda huyu mama amezeeka. Labda ni mimi. Juzi niliamka na hasira nikaacha kumsalimia."

"Kutosalimiwa siku moja hakumuui mtu."

"Wewe umejuaje? Umewahi kusalimiwa siku mbili mfululizo mahali pamoja?"

Akacheka yeye mwenyewe, halafu kicheko kikamwishia njiani.

Sisimizi mkubwa haishi sana. Hufa kazini, na nafasi yake hushikwa na aliyezaliwa jana. Kwenye sanduku la Bi Semeni jana ilikuwa imeibwa. Wakawa wanapungua. Vijia vilivyokuwa vyeusi kwa watu vikabaki udongo mtupu, na katika chumba cha malkia wakawa wanane, kisha watano, wanamlisha kwa zamu mama ambaye hawezi kujilisha.

Ngwali alijaribu kurudisha. Alimnyanyua mmoja kutoka chupani mwake, akamtua sandukuni, kwa dada zake wa damu. Wakamjia, wakamgusa kwa vipapasio, wakarudi nyuma. Wakamgusa tena. Halafu mmoja akashika mguu, mwingine akashika mguu wa pili, wakavuta. Harufu ya nyumba ilikuwa imebadilika juu ya ngozi yake. Hakujua kama alikuwa amerudi kwao, nao hawakujua kama wanamuua wa kwao. Iliisha upesi. Ngwali akafunika kioo, akasimama pale na mikono yake, na ilikuwa mikono mizito kuliko mizigo yote aliyopata kubeba.

*

Mwizi wa mbuzi anaambiwa rudisha mbuzi. Aliyeiba mtoto kabla hajawa mtoto arudishe nini? Kitu nilichokichukua hakipo tena. Kilikuwa punje. Sasa ni raia. Ukimwuliza atakwambia yuko kwao.

*

Siku ya arobaini Bwana Faki akaja. Alikuwa mtu mnene, mpole, anavua viatu mlangoni na kuviweka sambamba. Mkononi alikuwa na kichupa cha sharubati ya choya, nyekundu kama kidonda kipya. Ukaguzi wenyewe ulikuwa rahisi: anadondosha tone moja, watoto wanakunywa, wanarudi kwa mama na kumlisha mdomo kwa mdomo, na kwa kuwa tumbo la sisimizi likijaa linapenya mwanga, unaona wekundu umemfika malkia au haukumfika. Umefika, nyumba ina mama. Haukufika, haina.

Alianza na chupa ya Ngwali. Tone. Wakaja mbio, wakanywa, wakarudi. Wote watatu walikuwa wameinama, Ngwali, Bi Semeni na Mkaguzi, pumzi zao zinafanya ukungu kwenye kioo. Tumbo la malkia likaanza kupata rangi, polepole, kama mbingu ya alasiri.

"Hongera," alisema Bwana Faki. "Karibu nyumbani, mwenyeji."

Akaenda kwenye sanduku. Tone likadondoka. Likakaa. Sisimizi mmoja alitokeza, mmoja tu, akatembea nusu ya njia, akasimama kama aliyesahau alichotumwa, akalala ubavu. Mkaguzi akangoja muda wa heshima. Kisha akafungua kifuniko, akamgusa malkia mzee kwa ukucha. Malkia akaviringika kama punje ya mtama.

"Bi Semeni," alisema kwa upole, "pole mama."

Bi Semeni alikuwa anakunja kaniki, anaikunjua, anaikunja.

Hapo Ngwali akasema. Yalimtoka vibaya, bila mpangilio, kama mtu anayetapika njiani. Alisema mimi. Alisema unyoya, punje, kisimani, tatu, kumi, zote. Alisema wale mle chupani si wangu, ni wa sanduku hili, wajukuu wa nyumba hii. Mtoe mgeni, alisema, mimi ndiye mgeni.

Bwana Faki alisikiliza mpaka mwisho. Akafuta kidole chake kwa leso.

"Wanamlisha nani?" aliuliza.

"Nini?"

"Hao watoto. Wanamlisha malkia wa nani?"

"Wa chupa yangu, lakini..."

"Basi. Sheria haiulizi wamezaliwa na nani, mzee. Ingeuliza hivyo mji huu usingebaki na mtu." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo. "Sisi tunatazama tumbo lina rangi gani. Lako ni jekundu. Lake halikupata."

Ngwali akamgeukia Bi Semeni. Alitaka atukanwe. Alikuwa tayari kupigwa, angeona nafuu.

"Ungeniomba," alisema Bi Semeni. "Mbili tatu ningekupa. Watu huombana chumvi, Ngwali." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Na mimi nilikuwa namwomba radhi malkia kila siku. Nikidhani ni mimi."

Aliingia ndani, akatoka na kanga mbili na sufuria. Hakuchukua kingine. Kizingitini akasimama, akaitazama barabara iliyokuwa inapita mbele ya nyumba yake miaka yote, naye hakuwahi kuuliza inakwenda wapi.

"Haya," alisema. "Wewe si ndiye mjuzi wa njia? Mimi sijawahi kuvuka lile jiwe. Twende unionyeshe."

Alikuwa anangoja kweli. Haikuwa kejeli. Ngwali alisikia mgongo wake, mahali pale palipokuwa pakimsukuma maisha yote, akatafuta ule msukumo, akakuta hamna. Ulikuwa umeyeyuka. Kulikuwa na chupa mezani, yenye watu wanaomjua. Kulikuwa na ardhi yake, hatua chache nyuma ya nyumba, ambayo hata hajaonyeshwa. Kulikuwa na ndege.

"Ukivuka jiwe," alisema, na macho yake yalikuwa sakafuni, "shika kushoto. Kulia kuna chumvi, usiende kulia. Siku ya pili utaona mikwaju miwili, chini yake pana maji. Chemsha kwanza. Ukiulizwa utokako, sema kwenu hawakukuambia jina."

"Kushoto," alisema Bi Semeni.

"Kushoto."

Akatoka. Hakugeuka hata mara moja.

Bwana Faki alikuwa ameshavaa viatu. Akachukua fagio la chelewa lililosimama nyuma ya mlango, akampa Ngwali. Ndiyo kazi ya kwanza ya mwenyeji, alimweleza: anayebaki nyumbani hufagia nyayo za anayetoka, kuanzia kizingitini mpaka kwenye jiwe, ili njia isimkumbuke akarudi kwa bahati mbaya. Si chuki, alisema. Ni usafi.

Ngwali akainama. Nyayo za kwanza, pale mlangoni, zilikuwa za mwanamke mzee, kisigino kizito. Akazifagia. Mbele kidogo zilikuwa za mwanamke wa makamo, hatua ndefu. Akazifagia. Kufika penye kisima zilikuwa za mwali, nyembamba, zinakaribia kukimbia. Mji ulikuwa unamtoa kwa kumrudisha nyuma, unamvua miaka yake mmoja mmoja kadiri alivyokwenda. Ngwali alifagia kushoto na kulia, vumbi likimpanda magotini. Na karibu na jiwe la mpaka, mahali pa mwisho, alikuta vijinyayo vya mtoto anayejifunza kusimama, vitatu, vinne, vimeyumba, kimoja kina alama ya mkono pembeni alipoanguka. Kisha jiwe. Kisha nchi isiyo yake.

Alisimama juu ya vijinyayo vile na fagio mkononi.

"Hivyo pia," alisema Bwana Faki nyuma yake.

Akafagia. Alifagia kwa kugusa tu, kwa mkono mwepesi, bila kuacha mistari, mpaka mchanga ukawa kama haukuwahi kukanyagwa na mtu.

"Tazama mkono huo," alisema Bwana Faki, na sifa ilimtoka moyoni kabisa. "Utadhani umezaliwa hapa."

Neno lile likamwingia Ngwali, likashuka mpaka chini, na lilikuwa tamu. Naye, Mungu amsamehe, akarudi hatua mbili, akaona mahali palipobaki na mkunjo kidogo, akapapitia tena.